Bwawa Nililopelekwa Mara Mbili

Iko siku moja ya kiangazi isiyonitoka, mwanangu, ingawa siku hizi hata fimbo yangu nasahau nilipoiegemeza. Nilikuwa mke mgeni, sijamaliza mwaka kwa mume wangu, na mto wetu, kama mito mingi ya huku Ugogo, ulikuwa umebaki mchanga mtupu. Maji yalikuwa chini, na mwenye kiu alichimba.

Kuchimba kisima cha mchangani ni kazi ya watu wawili. Mmoja hushuka shimoni akajaza mchanga kwenye ndoo, mwingine hukaa juu akaivuta kwa kamba na kuumwaga mbali, na jicho lake halibanduki ukingoni, maana mchanga huporomoka bila kupiga hodi. Mwenzangu wa kuchimba alikuwa Mwaja, mke wa kaka yake mume wangu. Wiki ile tulikuwa hatusemezani. Fisi alikuwa amechukua ndama wa mama mkwe, na Mwaja akatangaza kijiji kizima kwamba mgeni ndiye aliyeacha zizi wazi. Heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Sikuliacha wazi zizi lile, mwanangu, na hata nikifa leo nitakwenda nikisema hivyohivyo.

Basi asubuhi ile nikaenda mtoni na ndoo yangu, naye akaja na yake. Tukachimba visima viwili, karibu karibu, tumepeana migongo. Hebu ufikirie upumbavu ule: kila mmoja anashuka, anajaza, anapanda, anamwaga, anashuka tena. Shimo langu lilipofika kimo cha kifua, ukingo ukaporomoka, mchanga ukanibana mpaka kwapani. Unajua nilifanya nini? Nilinyamaza. Niliona bora nife kuliko kumwita Mwaja.

Aliniona mwenyewe. Akaja akifukua kwa mikono, huku analia na huku ananitukana, na mama mkwe akatukuta katika hali hiyo. Mama yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa chini akanitazama mpaka nikatoka, na mimi, mchanga ungali puani, nikaanza kumweleza habari za zizi.

"Ulikuwa na haki," akasema. "Haya, uambie mchanga."

Kisha akanyoosha kidole kwenye shimo la Mwaja lililokuwa halijaanguka. "Mmoja ashuke, mmoja akae juu. Kununiana sijawakataza. Nunianeni mkishachota."

Tukachimba tumevimba midomo. Maji yalipoanza kujikusanya, Mwaja akaniuliza kama mguu uliobanwa na mchanga unauma. Nikamjibu unauma. Basi. Hatukuombana radhi siku ile wala baadaye, lakini ndiye aliyenishika mgongo nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza.

Hayo yamepita zamani, na Mwaja ametangulia. Ninayotaka kukueleza hasa ni ya juzi, na uniwie radhi nikisema taratibu, nimechoka.

Niliowazaa mwenyewe ni wawili. Yona anaishi Nzuguni, pembeni mwa mji, na ndiko ninakokaa. Neema anauza karanga na uwele kule Majengo, mji huohuo. Baba yao alipougua akiwa kwa Yona, mimi nilikuwa kijijini, Yona akampeleka hospitali, na Neema alipopata habari mzee alikuwa ameshakata roho. Msibani, mbele ya watu, Neema akamwambia kaka yake, "Umeninyima baba." Tangu siku hiyo hawakusemezana tena.

Watu walinituliza. Ndugu wakigombana, wakaniambia, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Nami nililima, mwanangu, msimu ukapita, ukaja mwingine, na kapu bado limetundikwa ukutani.

Ugomvi wa watoto humchosha mzazi kwa namna ambayo wao hawaioni. Ikifika Krismasi, nakula pilau Nzuguni mchana, jioni naletewa bajaji niende Majengo nikale nyingine. Tumbo ni moja, sherehe mbili. Halafu mjini pakafunguliwa bustani ya kupumzikia, ina mabwawa yenye boti na bata, bembea za watoto, na vibanda vya chipsi pembeni. Yona akanipeleka na wanawe. Neema kusikia hivyo, wiki iliyofuata naye akanipeleka na wake. Nikakaa benchi lilelile, nikaangalia bata walewale, nikala chipsi zilezile. Kila mmoja akaniuliza, "Mama, umefurahi?" Kila mmoja nikamjibu nimefurahi. Wananipenda, najua, ila walikuwa wananipenda kila mtu na shimo lake, wamepeana migongo, na mimi nilikuwa nimeshakaa ndani ya shimo la namna hiyo.

Nikampigia Yona simu akiwa kazini: nipeleke tena bustanini Jumamosi asubuhi. Nikampigia na Neema: tukutane bustanini Jumamosi asubuhi. Hakuna niliyemwambia kuhusu mwenzake. Uzee una faida zake, mtu akiwa na mvi watu hawamshuku.

Walikutana langoni. Wajukuu zangu wakarukiana kwa makelele, wakakimbilia bembea bila kutuaga. Wakubwa, kila mmoja akatoa simu yake mfukoni akaikodolea macho kama vile imemwita. Nikawaambia nataka kupanda boti.

"Mama, na hayo magoti?" Yona akauliza.

"Magoti ni yangu. Miguu ya kukanyaga itakuwa yenu."

Binti anayesimamia boti alikuwa na adabu zake. "Shikamoo, bibi. Hizi zinakanyagwa na watu wawili mbele, kama baiskeli. Wewe utakaa nyuma." Nikamwitikia marahaba. Hilo la watu wawili nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimeshazitazama boti zile mara mbili, chipsi mkononi.

Tukavalishwa makoti ya kuelea, tukasukumwa majini. Yona anakanyaga kwa nguvu, Neema anagusa tu kwa ncha ya kiatu, na boti ikazunguka palepale. Watoto wakaacha bembea wakaja kutucheka. Bata wakatupita. Safari hii aliyekaa juu ya shimo nilikuwa mimi, na kazi ya wa juu ni kutazama ukingo.

"Kata kushoto, tutagonga," Neema akasema. Yona akavuta usukani kushoto. Neema naye akakanyaga sawasawa, boti ikanyooka. Tukaenda hivyo mpaka katikati ya bwawa, ambako kelele za watoto zilisikika kwa mbali.

Neema akauliza, macho yakiwa majini, "Baba aliniulizia?"

Yona akaukaza usukani kwa mikono miwili.

"Aliuliza. Kila akizinduka aliuliza. Nikawa namwambia uko njiani."

"Sikuwa njiani. Hukunipigia."

"Najua. Nilidhani atapata nafuu, sikutaka kukushtua. Halafu akazidiwa, nikaona aibu kupiga simu kwa kuchelewa." Akajifuta uso kwa bega, mikono ikiwa bado kwenye usukani. "Alikuwa anautazama mlango, dada. Mpaka mwisho alikuwa anautazama mlango."

Hata mimi mama yao sikuwa nalijua hilo. Liliniuma, mwanangu, na linaniuma ninapokusimulia. Mume wangu alikufa akimngojea mtu ambaye hakuwa ameitwa. Neema akalia kwa sauti, bila kujificha. Nilitaka kumshika bega, nikauzuia mkono wangu, kwa sababu niliona jambo ambalo sikulitarajia: alikuwa analia na miguu yake haijaacha kukanyaga. Ya Yona pia. Boti ikatufikisha ukingoni.

Nisikudanganye kwamba yamekwisha. Tulipotoka majini Neema akamwambia, "Sijakusamehe, kaka." Yona akasema, "Najua." Kisha Neema akamwita mwanawe mkubwa, akamtuma kibandani alete sahani moja kubwa, tukaizunguka wote. Siku ile nilikula chipsi mara moja, na nilipoulizwa kama nimefurahi nilijibu bila kujilazimisha.

Sasa nisikilize, mwanangu, nawe ninakuusia kama nilivyousiwa mimi. Usingoje moyo upoe ndipo umkaribie ndugu yako. Moyo una ukaidi, unaweza usipoe mpaka mmoja wenu awe chini ya udongo. Ikamate kamba kwanza, kasirika baadaye. Haki yako hakuna wa kuila. Iweke kando kama mtu anavyoweka khanga kavu anapoingia shimoni, utaikuta ukitoka, na huenda ukaona imekuwa ndogo. Na ukiwa na mgonjwa ndani, waite wenzako mapema, hata wale usiosemezana nao, hata kwa sauti ya kununa. Aibu ya kuchelewa isikufanye uchelewe zaidi. Asiwepo mzee anayeutazama mlango kwa ajili ya mtu ambaye wewe hukumwita.

Mungu akuweke. Kila utakaposhuka, akupe mtu wa kukaa juu ya shimo lako, na kila atakaposhuka mwenzako, akupe mikono ya kumvuta. Visima vyako visikauke, na watoto wako wale sahani moja. Haya, nisogezee mto nijilaze kidogo. Yona na Neema wamesema watakuja wote jioni.