Utepe Namba Saba

Nyumbani kwetu Zagayu pamba ilichambuliwa barazani juu ya turubai la bluu, na aliyechambua vibaya alirudia. Nyeupe iliitwa safi. Iliyotiwa doa na wadudu au mvua iliitwa fifi, nayo ilikuwa na gunia lake. Mimi nilikuwa mvivu. Nikiona kitonge chenye doa dogo nilikipitisha kimyakimya, nikitumaini mama hajaona. Mama alikuwa ameona. Alinyoosha mkono, akakitoa kile kitonge bila hata kunitazama, akasema maneno yake yaleyale: doa dogo ni doa.

Mwaka mmoja baba alificha debe zima la fifi chini ya gunia la safi. Mama aligundua tukiwa tumeshafika ghalani, kwenye foleni ya mizani. Alilifungua gunia mbele za watu, akalimwaga, akaanza kuchambua upya, huku baba amekwenda kusimama mbali akijifanya hamjui. Tulipima wa mwisho kabisa siku hiyo. Niliona aibu ya kufa mtu. Leo ningetoa chochote nisimame tena katika foleni ile, nyuma ya mgongo wa mama.

Nilisoma, nikaishia kwenye maabara ya chuo kikuu huko Dar es Salaam. Kazi yangu inaitwa nanoteknolojia, jina kubwa kwa vitu vidogo mno. Tunatengeneza chembe za dhahabu ambazo hadubini ya kawaida haizioni, tunazitia kwenye utepe wa karatasi, na utepe huo ukichovywa kwenye mkojo, mistari myekundu hujitokeza. Mstari wa kwanza hutokea kwa kila mtu, kuonyesha kwamba kipimo ni kizima. Wa pili hutokea kwa yule tu ambaye figo zake zimeanza kuchoka. Nilipowaeleza kijijini, baba mdogo aliuliza dhahabu hiyo yote ni gramu ngapi, na nilipomjibu akanihurumia sana.

Tatizo letu lilikuwa mstari hafifu. Wenzangu walibishana: huu ni mstari, huu si mstari. Kipimo kilikusudiwa kusomwa na watu wa kawaida majumbani, na sisi wenye shahada tulikuwa hatuelewani. Nikawaambia namfahamu mtu mwenye jicho.

Basi nikaenda Zagayu na boksi la tepe na vibali vyangu vyote, wiki moja kabla ya kusafiri kwenda ng'ambo kusomea uzamivu. Nafasi ile niliisubiri miaka mitatu. Mama alikuwa ameitangaza kanisani, sokoni na kisimani, na ameshashona kitenge cha kuja kunisindikiza uwanja wa ndege.

Wanawake ishirini na wawili walifika asubuhi na vichupa vyao, mama akiwa mmoja wao. Nyuma ya kila utepe niliandika namba kwa penseli. Yake ilikuwa saba. Kisha mama akakaa kwenye turubai, akaanza kuzichambua: zenye mstari wa pili huku, zisizo nao kule. Akaziita fifi na safi, na kina mama wote wakaelewa papo hapo. Mimi nilikaa nimempa mgongo. Utaratibu ulinikataza kuangalia, jicho langu lisije likamwongoza. Ningezihakiki nikirudi maabara. Akazitia kwenye bahasha mbili za kaki, akanitajia namba za fifi, na wenyewe nikawaandikia barua za kwenda kupimwa zaidi mjini Bariadi.

Zikiwa zimebaki siku mbili nipande ndege, nikazifungua bahasha. Fifi hakukosea hata moja, na nyingine mstari wake ulikuwa hafifu kiasi kwamba mimi ningeupita. Nikafungua ya safi. Katikati ya tepe safi kulikuwa na mmoja wenye mstari wa pili mwekundu kama wino wa mwalimu. Nikaugeuza. Saba.

Nilikaa chini. Jicho lililoiona ile mistari hafifu haliwezi kuukosa huu. Nilikasirika kabla ya kuogopa, nikampigia mama simu.

"Mayu, namba saba uliiona?"

"Niliiona kabla ya zote," akasema. "Na wewe ungeiona, ungepanda ndege?"

Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyetulea kwa kutuambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akajibu kwamba methali hiyo ni ya watu wasio na mtoto anayesafiri.

Nilipanda basi la Bariadi, nikamchukua mama nyumbani. Kwenye benchi la hospitali ya Somanda, palepale mjini Bariadi, alikaa kanipa bega. Presha ilikuwa imempanda muda mrefu bila mwenyewe kujua. Daktari alisema figo bado zinaweza kulindwa, mradi dawa zianze sasa na zisikatishwe. Nikabaki kuhakikisha hazikatishwi. Nafasi yangu ilipewa mtu mwingine, na sitasema uongo, iliniuma. Uzamivu niliusomea hapahapa nchini, nikamaliza nyuma ya wote niliolingana nao. Kile kitenge mama alikivaa shambani mpaka kikachanika.

Alivuna misimu saba zaidi kabla hatujamzika. Ninaoukumbuka zaidi ni ule wa kwanza, nilipopeleka tepe mpya, safari hii nikakaa naye palepale kwenye turubai. Ilipofika namba saba, niliusoma utepe wake kabla hajausoma yeye. Dawa zilikuwa zimefanya kazi. Mstari wa pili ulikuwa umefifia hata ukiinamisha kichwa unapotea, na mimi, mtaalamu mzima, nikatamani usiwepo.

"Hii tuiweke safi, mayu," nikasema.

Aliuchukua utepe mkononi mwangu, akauelekeza kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akauweka kwenye fungu la fifi.

"Doa dogo ni doa, ng'wanone," akasema. "Andika."