Mwaka Mbuzi Walipokula Sadaka

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule kando ya ziwa, upande wa Magu, mtoto hakuhitaji simu ili achangamke. Tulipiga makopo tukajiita kwaya, tulitafuna michembe mpaka taya zikachoka, na mtu mzima yeyote aliyekatiza mbele yetu alipata shikamoo yake hata kama jana alituchapa. Watoto wa leo ukiwaambia viazi vikavu ndivyo vilikuwa peremende zetu, wanakutazama kwa huruma.

Kanisa letu lilikuwa na kwaya moja, na wazazi wangu wote wawili walikuwamo. Kisha likazuka suala la ngoma. Baba na wenzake walitaka gitaa peke yake, wakidai ngoma ni ya wachezaji wa jadi. Mama na wenzake wakasema bila ngoma hawafungui midomo. Kwaya ikapasuka. Nyumbani tulizoea kuimba kabla ya kula. Sasa nyimbo zikawa mbili kwa mpigo, baba wake, mama wake, kila mmoja akiongeza beti ili asiwe wa kwanza kunyamaza, na sisi macho kwa sato anayepoa. Nilicheka, lakini pia niliogopa, maana baada ya amina hawakusemezana.

Wasukuma tuna mashindano yetu ya ngoma: baada ya mavuno vikundi viwili vinacheza saa ileile, uwanja mmoja, na mshindi ni anayevuta watazamaji wengi. Jumapili ya mavuno kwaya zetu zikafanya hivyohivyo nje ya kanisa. Upande wa mama mtu mmoja akaanza kurusha jembe hewani na kulidaka. Watu wote wakahamia huko. Upande wa baba wakajibu kwa sarakasi, na mashati yao meupe; watu wakarudi mbio. Mchungaji mwenyewe nilimwona akivuka huku na huku. Hata mzee wa kanisa aliyewekwa kulinda sadaka ndani aliiacha, akaja kutazama.

Tulipokumbuka, mbuzi wa jirani walikuwa wameshaingia. Mpunga, mahindi, karanga, walikula walivyoweza na kuchafua vilivyobaki. Sadaka ile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya Mama Kulwa, mjane ambaye mumewe alizama ziwani akamwachia mapacha wadogo. Alikuwa amesimama mlangoni na kikapu kitupu. Watu wazima wote wakaanza kutazama viatu vyao.

Bibi, mama yake baba, akawaita mwanawe na mkwewe, tena kwa sauti ya kawaida tu.

"Baba Neema, Mama Neema. Kazi Mungu aliyotupa leo ni kumlisha huyu. Nyie mmelisha mbuzi. Sasa kama kushindana kumewaingia damuni, shindaneni kumjazia ghala."

Msukuma ukimtajia mashindano hakuulizi mara mbili. Baba alitoka na gunia la mpunga. Mama kuona hivyo, akajitwika debe la mahindi. Watu wa gitaa wakaleta dagaa, watu wa ngoma wakaleta kuku. Mama Kulwa alikosa hata pa kukaa ndani ya nyumba yake. Njiani kurudi, baba alimtania mama kwamba debe lake halikujaa, na mama akamjibu vibaya kweli. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, kwa kuwa walikuwa wanazungumza.

Siku hizi nakaa mjini, Nyegezi. Kanisa letu lina spika zinazotikisa mabati, lakini ugomvi wenyewe hauna ladha: mtu akikasirika hapigi sarakasi, anajitoa tu kwenye kundi la simu, kimya. Mwezi uliopita nusu ya kwaya ilijitoa hivyo. Nikawaandikia wote, waliotoka na waliobaki, kwamba mama jirani yangu ametoka hospitali na hana wa kumpikia. Walisoma wote. Waliojibu ni wawili, mmoja wa kila upande, na kila mmoja aliniuliza upande ule mwingine unapeleka nini.