Ubao Uliovunja Kioo cha Stashahada

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, miaka ile ya wakimbizi, mke wangu aliposimamishwa mlangoni mwa karakana yangu na mgeni ambaye hata wiki hakuwa ameimaliza kwetu. Mpaka leo, mwanangu, nikiikumbuka hushusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Lakini kwanza umjue anayekuambia haya. Nilitoka Runazi na msumeno wa kuazima, nikarudi kutoka Mwanza na stashahada ya ufundi mitambo. Sikusomeshwa na mjomba wala na padri. Mchana nilipasua mbao, jioni nilikaa darasani na unga wa mbao masikioni. Wakati huo, wenye karatasi kama yangu huku kwetu ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vingine vingebaki. Jasho ni langu, acha nijisifu.

Miaka ile barabara ya Ngara ilijaa malori ya kwenda kambini, na kila aliyeshika nyundo alipata kazi. Nikasema sitabaki nyuma. Kiwanda kimoja cha mbao kilikuwa kinafungwa, kinauza misumeno miwili ya meza. Mmoja ulikuwa mdogo, umekula kutu. Wa pili mkubwa, umepakwa rangi ya kijani, unang'aa kama jani lililonyeshewa. Msomi mzima nikanunua rangi! Sikuishika shafti, ule mhimili unaobeba diski ya meno, nikaitikisa. Sikuizungusha diski kwa mkono nikaisikiliza. Wazee husema kizuri chajiuza. Nami nakuongezea, kibaya kikipakwa rangi nacho hujiuza.

Niliufunga nyumbani, kwenye banda nililojenga nyuma ya jiko. Sakafu tuliitengeneza kama tunavyotengeneza sakafu zetu zote: udongo wa kichuguu, maji kidogo, kisha majirani wakaja kuushindilia kwa miguu, wakiimba, na mwisho wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ilikauka ikawa ngumu kama chungu. Kwa kuanikia maharage hakuna sakafu bora kuliko ile. Sikufikiri kwamba maharage hayatetemeki. Ukutani, nyuma ya mahali nilipokuwa nasimama, nikatundika stashahada yangu kwenye fremu ya kioo, ili kila anayeingia aione kabla hajauliza bei.

Masika yakaja. Nilikuwa na kazi ya vitanda vya zahanati moja upande wa Ngara, na msumeno ukaanza kuacha alama nyeusi za kuungua kwenye mbao. Nikaulaumu mti wenyewe, mninga.

Ndipo akaja Mzee Gervasi kuomba kibarua. Alikuwa seremala kutoka Burundi, mwembamba, mwenye mvi, na katika yote aliyoyaacha kwao aliokoa kasanduku kamoja ka vifaa. Siku tatu alipiga randa kimya. Siku ya nne, nilipomwamkia, hakuishia kwenye marahaba. Aliuzunguka msumeno wangu kama mtu anayemtazama ng'ombe mgonjwa.

"Fundi, mashine hii inalia."

"Inalia nini, mzee?"

"Inasaga meno. Na mguu wake huu umezama. Uliipima lini?"

Nikacheka. "Mzee wangu, hii ilipimwa kiwandani. Na mimi mambo haya nimeyasomea." Nikamwonyesha ukutani.

Aliisogelea fremu, akaisoma polepole, mstari kwa mstari, mpaka muhuri.

"Karatasi nzuri," akasema. "Ila mashine haijaisoma."

Iliniuma, mwanangu. Nikawasha injini ili nisimsikie tena, nikaweka ubao mezani na kuusukuma kwa tumbo, kama tulivyozoea sisi tuliokulia kwenye misumeno ya mikono. Wakati huohuo mke wangu, Anastazia, akatokea mlangoni na bakuli la uji, mtoto wetu Tereza mgongoni. Njia yake ya kila siku ilipita nyuma yangu, baina yangu na ukuta.

Mzee Gervasi akatanua mikono mlangoni. "Mama, usipite nyuma ya msumeno."

"Uji wake unapoa, mzee."

"Upoe! Na wewe fundi, toka nyuma ya ubao. Simama ubavuni."

Nilisogea hatua moja. Nusu ya hatua ilikuwa heshima ya mvi, nusu ilikuwa dhihaka.

Sikufika katikati ya ubao. Sauti ya injini ilizama, ubao ukabanwa, kisha ukaruka nyuma. Sikuuona ukipita, nilisikia upepo wake kwenye shati. Kioo kilipasuka ukutani. Nilipozima injini, stashahada yangu ilikuwa chini, imetobolewa, na ubao umechimba ukuta kimo cha mgongo wa mwanamke aliyebeba mtoto.

Tereza akaanza kulia. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

"Baba Tereza, u mzima?" Anastazia akauliza.

Nikajipapasa tumbo. "Mzima."

"Basi kunywa uji. Na ukimaliza, msikilize mzee."

Nilikunywa nimesimama.

Mzee Gervasi hakunicheka. Alivua kwanza mkanda wa injini, ili diski isiweze kujizungusha yenyewe. Akatia alama ya chaki kwenye jino moja. Akachukua kijiti, akapigilia msumari kwenye ncha, akakilaza kwenye reli inayoongoza ubao, mpaka kichwa cha msumari kikaligusa lile jino kidogo tu. Kisha akaigeuza diski kwa mkono, jino lilelile likaenda upande wa nyuma, akakitelezesha kijiti kulifuata. Msumari ukakwama, haukuingia.

"Umeona? Nyuma ni pembamba kuliko mbele. Ubao unaingia kama mgeni, unabanwa kama mwizi. Sasa ungefanya nini kama si kukimbia?"

Akanipa shafti niitikise. Ikacheza. Beringi zilikuwa zimekwisha zamani chini ya rangi yangu ya kijani.

Siku nane hatukukata kitu. Tulichimba sakafu, tukamwaga zege, tukabadilisha beringi, tukaweka pima maji mezani, tukasogeza reli unywele kwa unywele. Vitanda vilichelewa; niliomba radhi mwenyewe, nikasamehewa. Siku tulipowasha tena, msumeno uliimba. Anastazia alisimama ubavuni, akapiga kigelegele.

Wakimbizi waliporudi kwao, Mzee Gervasi aliniachia kile kijiti. Leo kinaning'inia kando ya stashahada, ambayo nimeirudisha ukutani na tundu lake. Karakana yangu ina mashine nne, na sijui fundi wa hapa hadi Nyarubungo mwenye vidole kumi kamili kwa miaka yote hii kama mimi. Msumeno mkubwa anauendesha Tereza. Nikijisahau nikapita, hunikemea: "Baba, pembeni!" Nami hutii upesi, nikitabasamu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukinunua mashine, itikise kabla hujaisifu. Iweke juu ya kitu kisichozama. Ipime ikiwa imelala, si ikiwa inanguruma. Tia grisi, fagia unga wa mbao, na ikibadili sauti usiulaumu mti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengine hawapati muda wa kujenga. Elimu yako itundike, uringe nayo, ni haki yako. Lakini anayekuambia "sogea," mtii, sogea pembeni kwanza, ubishi ufuate.

Mungu akulindie macho na vidole. Kila jioni uzime mashine yako ukiwa mzima, na unaowapenda wakukute mezani uji ungali wa moto.