Krismasi Mama Aliposinzia Kanisani

Juzi nilipita Kisauni kwa shughuli zangu, nikajikuta nimesimama mbele ya nyumba tuliyopanga nilipokuwa mtoto. Ndani mtu alikuwa akikaanga vitunguu vya pilau, na harufu ile ikanichukua bila kuniuliza. Nikawa tena msichana wa miaka tisa, miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, asubuhi ya Krismasi.

Wewe uliyekulia pwani waijua Desemba yetu, jua likishakolea saa mbili asubuhi na shuka zimeloa jasho. Kwetu Krismasi ilianza wiki nzima kabla: mapazia kufuliwa, kuta kupakwa chokaa, mchele kuchambuliwa kwenye uteo mpaka macho yaume. Mwaka ule mambo yalizidi, maana shangazi, dada yake baba, alikuwa anakuja kutoka bara na watu wake, na shangazi alikuwa na jicho la kuona vumbi hata pasipo na vumbi. Mama alikwenda sokoni Kongowea mara tatu kwa siku mbili. Akaacha kucheka. Akaacha hata kuimba, yeye ambaye hakuweza kukuna nazi bila wimbo wa kanisani.

Asubuhi yenyewe baba alikuwa zamu bandarini. Niliachiwa niangalie mahamri kwenye karai, mimi nikawa naangalia gauni langu jipya lililotundikwa mlangoni. Yakaungua. Mama akanizaba kofi, kisha akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akajifunika uso kwa leso.

"Kanisani hatuendi," akasema. "Sina nafasi."

Sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Liliniuma kuliko kofi.

Jirani yetu alisikia. Alikuwa mama wa Kiswahili, watu wake wa Mombasa tangu zamani, na ua wetu ulikuwa mmoja. Mumewe ndiye aliyetuchinjia mbuzi jana yake, kama ilivyokuwa ada pale, ili mtaa mzima, Waislamu na Wakristo, uweze kula. Jirani akaingia bila hodi.

"Shoga, walia siku yako kubwa?"

"Wageni wanafika saa sita, na sijapika kitu."

"Na kusali je?"

Mama akajipangusa uso kwa leso.

"Basi nenda kasali. Sufuria nitazitazama mimi. Wallahi leo hushiki mwiko."

Akamnyang'anya mwiko kweli.

Tukaenda mbio, mama na leso yake ya jikoni, mimi na gauni langu. Tukapata benchi la nyuma. Watu waliimba, upepo ukipita madirishani polepole, na mama, ambaye hakuwa amelala vizuri wiki nzima, akasinzia. Kichwa chake kikaniangukia begani. Nikaona haya, nikamsukuma kidogo. Bibi mmoja aliyekaa kando yetu akanishika mkono.

"Mwache alale," akaninong'oneza. "Yuko kwa Babake."

Nikakaa wima ibada nzima, sauti ya mhubiri ikija kama kutoka mbali, pumzi ya mama shingoni mwangu, harufu yake ya iliki na moshi. Sijapata tena utulivu kama ule. Alipoamka kwenye wimbo wa mwisho, alilitazama shavu langu, akalipapasa. "Nisamehe, mwanangu."

Tuliporudi, wageni walikuwa wameshafika. Mama akasimama mlangoni, mkono kifuani. Mapazia yalikuwa bado kwenye beseni, chapati hazikupikwa. Na shangazi alikuwa mkekani uani, viatu kavua, akila pilau kwa mkono huku jirani akimsimulia jambo la kuchekesha.

"Wifi, umechelewa," akasema, kinywa kimejaa. "Kaa ule. Huyu dadako ametupokea vizuri."

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Ramadhani iliyofuata, siku za mwisho kabla ya Idi, alikwenda jikoni kwa jirani akamkaangia sambusa, ili naye apate nafasi ya kusoma Kurani yake. Ikawa hivyo miaka mingi, hadi tulipohamia Changamwe.

Wote wawili wametangulia. Sasa Desemba ikifika nahangaika kama mama alivyohangaika, pengine zaidi, na majirani zangu nawajua kwa magari yao. Nikilemewa, hakuna anayesikia. Nami, nikuambie ukweli, sijui ni wangapi wamelia upande wa pili wa ukuta wangu, nisiwasikie.