Kitabu cha Picha Kilichofungia Karanga

Nilikwenda Korogwe kwa sababu ya karanga, na asinicheke mtu kabla sijamaliza. Mwanangu aliniletea simu yenye kamera, na tangu hapo napiga picha hapa Handeni: harusi, maulidi, mtoto akianza shule. Mtu namsimamisha wima, mikono chini, kichwa kionekane na miguu ionekane. Kumkata mtu miguu kwenye picha niliona ni dharau. Siku moja mkwe wangu, mke wa huyo mwanangu, akazitazama akasema, "Mama, hawa wote kama wanasubiri kuhukumiwa."

Nikamwambia akaangalie ugali wake. Lakini yaliniuma, maana yalikuwa kweli.

Basi jirani yangu Bi Mwanaidi akarudi kutoka Korogwe na karanga, akanigawia kikaratasi kimoja. Nilipozimaliza nikakikunjua. Ilikuwa karatasi ya kitabu, nzito, inang'aa, na picha yake ilikuwa visigino. Visigino tu vya mwanamke, vimepasuka kama shamba la kiangazi, vinapanda ngazi. Uso hakuna, kiuno hakuna, na bado nilimjua mwanamke yule: amebeba mzigo, amechoka, na hasemi.

"Kitabu chenyewe kiko wapi?"

"Kwa muuza karanga wa Manundu," akasema Bi Mwanaidi. "Anakichana kila siku. Kinaisha hicho, shoga."

Kinaisha! Sikungoja zaidi.

Asubuhi, Handeni. Nikafunga gunia la madaftari ya zamani ya wajukuu, yaliyojaa hesabu za kukosea, ili muuza karanga afungie hayo aniachie kitabu. Nikapanda Noah ya abiria, nikakaa mbele.

Sindeni. Gari liliposimama, nikampiga dereva picha ya sikio, nijaribu mkono.

"Bibi, unapiga nini?"

"Sikio."

"Lina nini?"

"Halisikii. Nakwambia mwendo pole tangu Chanika."

Wa nyuma wakacheka, na mwendo ukapungua. Tulipovuka daraja la mto nikaiona mikonge, mistari imenyooka, imekakamaa kama watu wa picha zangu. Nikageuza uso.

Korogwe, Manundu. Muuza karanga, Mama Shija, nilimkuta barazani kwake, ungo mapajani. Kitabu kilikuwa kando yake, jalada halipo, kimekonda kama ng'ombe wa ukame.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimefuata kitabu hicho. Nimekuletea madaftari badala yake."

"Bibi anatoka wapi na ubabe huu?"

"Handeni. Mzigua."

Akapiga makofi. "Lo! Babu yangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge hapa. Kumbe mtani wangu! Basi kitabu hupati, na karanga hupati."

Sasa, Wazigua na watu wa Tabora ni watani, na kwa mtani kitu hakiombwi, huchukuliwa. Nikakichukua kitabu, nikakikalia. Naye akazivuta kandambili zangu, akazifunika kwa karai, akaendelea kupepeta.

Tukakaa hivyo. Mteja akaja, akafungiwa karanga kwa daftari langu. Akaligeuzageuza. "Mama Shija, leo hakuna picha?"

"Umesikia?" Mama Shija akanigeukia. "Wanafuata picha. Na sigawi ovyo. Mgomvi nampa mbwa. Mpenda kuchungulia ya watu nampa dirisha."

"Na Bi Mwanaidi wa Handeni ulimpa visigino kwa nini?"

"Yule asiyetulia kwake? Ulitaka nimpe kiti?"

Nilicheka mpaka nikakaribia kuinuka. Aliliona hilo, akanipa sharti: nimpige picha moja ambayo mteja wake ataipenda kuliko za kitabu. Nikishindwa, naacha kitabu na kurudi Handeni peku.

Kwa mazoea nikamsimamisha. Akapanga kanga, akakunja uso kama yuko kituo cha polisi. Nikashusha simu. "Kaa chini. Fanya kazi yako."

Akakaa. Akazirusha karanga, akapuliza, maganda mekundu yakaruka, na katikati yake mkono na mdomo uliochongoka. Nikabonyeza.

Akaitazama. "Umenikata miguu."

"Nimekukata."

"Na macho."

"Macho yako yanatisha wateja."

Akampa simu yule mteja, aliyekuwa bado anatafuna. Mteja akaisogeza puani. "Hii inanukia kabisa."

Mama Shija akafunua karai, akanitupia kandambili. "Inuka, mwizi wa Handeni!" Nikivaa, kitabu nimekiacha kando yake, akanifungia karanga za njiani, mgongo kanigeuzia.

Jioni, nyumbani. Kitabu kilibaki majani machache, nami nimeyatazama yote mpaka nimeyajua. Nilichojifunza ni hiki: mtu hahitaji kuonekana mwili mzima ili ajulikane. Tazama anachofanya, bonyeza, funga mdomo. Hilo la mwisho bado linanishinda.

Nikakunjua karanga za Mama Shija. Mtani yule alikuwa amelichana jani moja nisimwone! Picha yake: bibi anafoka, kidole juu, kuku wanakimbia.

Mkwe wangu akachungulia. "Mama, huyu mbona—"

"Angalia ugali wako!"

Akageuka jikoni, bega likapanda, mwiko ukazama, mvuke ukamfunika. Nikabonyeza, kisha nikamwonyesha. Akaitazama, akairudia tena.

"Mama," akasema, "miguu yangu iko wapi?"