Mahali Ziwa Lilipowahi Kulala

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, Baba aliacha kazi kiwandani Nyakato, akatuhamishia kijijini kwao, kando ya Ziwa Victoria, ajenge nyumba yake ya kwanza. Alichagua uwanja tambarare karibu na maji. Bibi, mama yake, aliishi juu kwenye mawe.

Mafundi walipochimba msingi, beleshi lilitoa magamba meupe ya konokono wa ziwani. Bibi aliokota moja, akalipuliza vumbi.

"Masanja, ziwa lililala hapa," alimwambia Baba. "Litarudi kulala. Mahali pake halipasahau."

"Mama, hayo ni ya enzi za mababu," Baba alijibu kwa upole, na kazi ikaendelea.

Mimi nilimwamini Bibi. Kila asubuhi kabla ya shule nilishuka ufukweni kuliamkia ziwa, nikidhani likipewa heshima yake halitakuja. Bibi aliponisikia nikisema "shikamoo" alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akanifundisha kuliamkia kwa Kisukuma, maana ndiyo lugha ambayo ziwa lilikua nayo tangu utoto.

Mwaka wa tatu mvua zilipitiliza. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalianzia chini: choo kikajaa, migomba ikaoza mizizi, sakafu ikawa haikauki. Mchana mmoja Mama alikuta visamaki jikoni. Tukabeba vitanda kupanda mlimani kwa Bibi, Baba akitembea nyuma. Niliogopa atakachoambiwa.

Bibi alisimama mlangoni. "Vua hivyo viatu, mwanangu, vimelowa," alisema. Basi. Hakuwahi kuyataja yale magamba tena.

Maji yalipopungua baadaye, kuta zilikuwa zimeanguka na tope limefunika sebule. Yakapanda tena nikiwa mtu mzima, na leo pale ni sakafu ya ziwa. Wavuvi hukwepa kona ya ukuta iliyobaki isichane nyavu zao. Nimeshajifunza kwamba ziwa hupanda na kushuka, na kwamba Bibi alikuwa akisoma udongo tu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni chumba alichotupa siku ile. Kilikuwa kimekandikwa upya, na udongo ulishakauka kabisa. Kazi ile ilihitaji wiki kadhaa. Alijua tutakuja, akatuandalia mahali, na hakumwambia mtu.