Bunge la Mkekani

Harufu ya maziwa ya unga yaliyokaa sana koponi haifanani na harufu nyingine yoyote. Ina utamu uliochacha kidogo, na chini ya utamu huo kuna kutu. Wiki iliyopita nilifungua kopo la mwanangu hapa Nyamitanga, mjini Mbarara, harufu hiyo ikanipanda puani, mkono ukabaki hewani na kijiko chake. Mtoto analia njaa, na mimi nimeshafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nina miaka tisa, nimekaa mkekani, na mimi ni spika wa bunge.

Msinicheke. Bunge lile lilikuwepo kweli, na lilikaa ndani ya kopo la maziwa.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Uvira, Kivu Kusini, kabla vita havijatutoa. Siku tuliyokimbia, mama alinibeba mimi, akabeba na Biblia na sufuria. Baba alibeba kopo. Watu tuliokutana nao njiani walidhani ndani mna chakula, na mmoja alilinyang'anya, akachungulia, akalirudisha kwa matusi. Ndani mlikuwa na kadi saba za vyama vya siasa. Zote zilikuwa na jina la baba na picha ya baba, na kutoka picha moja hadi nyingine alizidi kukonda.

Kambini hatukuwa na vitu vya kuchezea, kwa hiyo nilichezea siasa. Kadi ya kwanza ilikuwa kuukuu, imepauka hata rangi yake huwezi kuitaja. Hiyo tuliiita Kizee. Baba alinieleza kwamba zamani kwetu kulikuwa na chama kimoja tu, na kwamba hata mtoto aliye tumboni alihesabiwa kuwa mwanachama. Nilimhurumia sana mtoto huyo, kupewa chama kabla ya kupewa jina. Baadaye vyama vingi vikaruhusiwa, vikaota kama uyoga. Kimoja kilianzishwa na mwalimu mwenzake baba, kingine na tajiri wa bia, kingine kilikuwa cha watu wa bonde moja tu, ukivuka mto hakikujui. Kadi zao tuliziita kwa alama zilizochorwa juu yake: Jembe, Ndizi, Ufunguo, Mtumbwi, Kengele. Ya saba ilikuwa Mshale. Ilikuwa mpya kuliko zote, inang'aa, na mimi niliipenda kuliko zote.

Kila jioni, ugali ukiwa bado haujaiva na moshi umejaa nyumba yetu ya udongo, baba alitandika mkeka na kuzipanga kadi pande mbili. Upande wa mlango ilikaa serikali, upande wa jiko walikaa wapinzani. Jioni moja Jembe na Ndizi waliungana wakamshinda Kizee, naye akahamishiwa jikoni. Nililia, nikidhani sasa atauawa, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyosikia watu wazima wakisimulia habari za nyumbani.

"Hapana kulia," baba alisema. "Hapa mutu akishindwa hapana kufa. Anaikaa tu fasi ingine, anaongea, anangoja mwaka ingine."

Lakini Mshale hakupata kiti hata siku moja. Baba alimweka nje ya mkeka, kwenye vumbi. Nilimtetea, nikasema ndiye mzuri kuliko wote.

"Huyu iko na bunduki," alinijibu. "Bunge ni fasi ya mudomo. Siku ataweka bunduki chini, tutamupa kiti."

Kazi yangu mimi spika ilikuwa kuwaita wote kwa zamu, kwa majina yao marefu ya Kifaransa ambayo sikuelewa hata nusu yake, na kusema kila mmoja anataka nini. Nikimaliza bila kukosea, baba alipiga makofi, na mama naye alipiga makofi kutoka jikoni. Nilivimba kichwa. Hakuna mtoto mwingine pale kambini aliyejua maneno magumu kama yangu.

Mama alikuwa mgonjwa wa moyo. Kanisani aliimba kwaya, na nilianza kujua hali yake kwa jinsi alivyokuwa akiacha mistari. Mwanzo aliacha mstari wa mwisho wa ubeti, halafu miwili, mwishowe akawa anasimama na wenzake akichezesha midomo tu. Daktari mmoja wa Mbarara alisema kuna mlango ndani ya moyo wake usiofunga vizuri, na kwamba mafundi wa milango hiyo wako mbali, ng'ambo. Ndiyo maana tulikuwa na faili, ombi letu la kuhamishiwa nchi ya ng'ambo. Faili likipita, tungepanda ndege wote watatu, mama angetengenezwa, na angemaliza nyimbo zake. Kila sala nyumbani kwetu iliishia kwenye faili.

Tuliitwa Mbarara kwa mahojiano. Mwaka huo Uganda ilikuwa imeruhusu tena vyama vishindane, na mji ulikuwa umechafuka kwa kampeni. Kila ukuta ulikuwa na uso wa mtu anayetabasamu. Magari yenye vipaza sauti yalipishana, kila moja likijaribu kuzima sauti ya jingine. Sisi wakimbizi hayakutuhusu, na tulikuwa tumeonywa tusijitie humo. Lakini karibu na soko baba alisimama, akashika mabega yangu. Mama mmoja alikuwa anachoma gonja, zile ndizi kubwa tamu, na mbele ya jiko lake walisimama vijana wa fulana za rangi mbili, watu wa vyama viwili, wakitaniana Kinyankore na kupokezana chumvi.

"Ona," baba alininong'oneza. "Banakulia gonja fasi moja."

Aliwatazama kwa muda mrefu mno, hata mama akamvuta shati tusichelewe. Sikuwahi kumwona na uso ule tena.

Ofisini waligawanywa, baba chumba kimoja, mama chumba kingine. Mimi nilifuatana na mama ili nimshikie chupa ya maji. Kabla ya kuingia aliniinamia, akanifunga kifungo cha gauni, akasema, "Wakikuuliza kitu, sema kweli. Mungu anasikia." Hilo nililishika.

Aliyehoji alikuwa mwanamke mgeni mwenye sauti ya upole, na pembeni alikaa mkalimani, kijana wa Kikongo kama sisi. Katikati ya maswali pumzi ikamkatikia mama. Yule mwanamke akaweka kalamu chini, akamwambia apumzike, na ili chumba kisijae ukimya akanigeukia mimi, akatabasamu.

Mkalimani akasema, "Mama huyu anauliza, wewe unapendaka kucheza muchezo gani?"

"Minachezaka bunge," nikasema.

"Bunge? Unachezaka namna gani?"

Jamani, nani aliwahi kuniuliza swali tamu kama lile? Nilisimama. Niliweka chupa chini. Nikasema baba iko na makarti saba, zote ziko na picha yake, na nikaanza kuziita kwa majina yake marefu. Kwa kuwa nilitaka kuanza na nzuri, nilianza na Mshale. Mkalimani alinitazama, akamtazama mama, akalamba midomo, na kwa kitambo kidogo nilidhani hakunisikia, kwa hiyo nikarudia kwa sauti zaidi. Ndipo akatafsiri. Yule mwanamke aliichukua kalamu yake, akaandika, akaniomba niendelee. Niliendelea hadi Kengele, bila kukosea hata jina moja, nikasubiri makofi.

Katika lori la kurudi mama alizungumza na baba taratibu kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, kichwa changu kikiwa mapajani mwake. Sikuelewa maneno yote. Baba aligeuza uso akatazama migomba na vilima vya Isingiro hadi tulipofika.

Jioni hiyo alitandika mkeka kama kawaida.

Barua zilizofuata zilisema faili linaangaliwa. Liliangaliwa mwaka mzima, likaangaliwa mwaka wa pili. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja, msimu wa mvua, na kwaya ilimwimbia beti zote alizokuwa ameziacha. Baba alimfuata mara tu nilipomaliza sekondari. Nilibaki na kopo na swali ambalo sikujua hata kuwa ni swali.

Nilikuja kuwa mkalimani. Nilikaa kwenye kiti kilekile cha pembeni, na hapo nikajifunza jinsi kazi inavyokwenda. Jibu la mume hulinganishwa na jibu la mke. Swali la vyama huwa halikosekani. Na kambini kila jirani humshauri jirani yake, ukiulizwa chama, sema hauna. Siku nilipoisikia familia ya kwanza ikijibu hivyo, wote kwa sauti moja, nilichelewa kutafsiri. Nilielewa baba alijibu nini katika kile chumba kingine, dakika zilezile ambazo mimi nilikuwa nimesimama najivunia. Na nilielewa Mshale ni nini kwenye karatasi za watu wale. Mtu mwenye kadi ya kundi la bunduki, tena aliyeificha, faili lake haliendi.

Kilichobaki kunisumbua ni kwa nini baba alikuwa na kadi zile. Nilishaanza kumshuku baba yangu mwenyewe, Mungu anisamehe. Jibu nililipata kwa mzee mmoja wa upande wa Fizi, jirani na kwetu Uvira, mchuuzi wa samaki wakavu, aliyekataa ushauri wa majirani na kukiri kuwa ana kadi nne.

"Kila barrière, pale banafunga njia, ilikuwa na chama yake," mzee alisema. "Ukikosa karti, haupite. Kama haupite, hauuzishe, batoto balale njaa. Banakuambia lipa, chukua karti. Unachukua. Mbele kidogo kuko bengine, unachukua tena. Miye sikuwa na chama. Nilikuwa na njia ya kupita."

Waliokuwa wakimhoji wakamuuliza kwa nini hakuzitupa.

"Nitatupa aje kitu yenye iliniponesha?"

Nilitafsiri. Kisha nikatafsiri tena, ingawa hakuna aliyeniomba, na sauti yangu haikuwa ya kazini. Hayo ndiyo maneno ambayo baba hakupata nafasi ya kuyasema, kwa sababu alianza kwa kuogopa, na mimi nikamaliza kwa kusema kweli. Alihifadhi koponi maisha yake yote makaratasi ya watu waliomtisha njiani, na akiwa salama akayafanyia kitu ambacho wenyewe hawakutaka kukifanya. Aliwakalisha mkekani wajibizane kwa maneno.

Lakini si hilo linalonitoa machozi nikifungua kopo la maziwa. Ni jioni ile tuliyorudi kutoka Mbarara. Nilikuwa sijui kitu. Wao wawili walijua kila kitu, walijua faili limekufa na walijua moyo wa mama utaishia wapi. Wangeweza kuniuliza, kunifokea, hata kunipiga kofi, na nisingekuwa na la kusema.

"Spika," baba aliniita, akinyoosha mkeka. "Bunge inaanza saa ngapi?"

Niliwaita wote saba, kwa majina marefu, bila kukosea. Baba alipiga makofi kama siku zote. Mama alikuwa ameegemea ukuta karibu na jiko. Alipiga matatu, akapumzika, akamalizia mengine.